Miezi 11 nyumbani, na bado ni mgeni

SWALI: Habari yako, mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole, Nairobi. Sasa ni miezi 11 tangu tumpokee kijana wa miaka 16 kutoka Kongo, upande wa Bukavu. Aliletwa na wazee wa kanisa letu. Alipotezana na mama yake na dada zake wawili wadogo watu walipokuwa wakivuka kwenda Burundi mwaka wa 2025, akaokotwa na wenye malori mpaka akafika huku. Ni kijana wa adabu kupita kiasi. Anaosha vyombo kabla hatujamaliza kula, hajawahi kunijibu vibaya, na akitaka kuchaji simu anaomba kwanza chaja ya binti yangu na ruhusa ya kuichomeka. Lakini usiku, saa nne hivi, anatoka anaenda kukaa kwenye ngazi peke yake na simu mkononi. Jumapili tukipika nyama anasema ameshiba. Nikimuuliza ana nini, ananiambia, "Niko sawa, mama." Nyumba yangu imejaa watu na wanangu wanampenda, sasa upweke unatoka wapi? Nimekosea wapi? Wengine wananishauri nimpeleke kambi ya wakimbizi ya Kakuma akakae na wenzake, wengine wanasema nimpokonye simu usiku. Na je, nimwambie mimi ndiye mama yake sasa? (Mama wa Kayole)

JIBU: Mama, hujakosea kumpokea. Kama kuna kosa, ni kosa la watu waungwana: mmemkaribisha vizuri, mkasahau kuacha kumkaribisha. Nitarudi hapo. Kwanza nijibu lile linalokuumiza zaidi, kwamba nyumba imejaa watu na bado mtoto yuko peke yake.

Kiswahili kilishayatenganisha mambo haya kabla ya sisi wenye vyeti kuja. Kuna upweke, na kuna ukiwa. Mpweke hana wenzake. Mkiwa hana wa kwake. Mpweke ukimtia kwenye sebule yenye watu sita na televisheni, baada ya wiki mbili utamkuta anacheka nao. Mkiwa ukimtia kwenye sebule hiyohiyo huenda ukamwongezea, maana jioni nzima anatazama jinsi watu wenye watu wao wanavyoishi. Binti yako anakuegemea magotini ukimfumua nywele, mdogo wake analilia rimoti, baba anaingia na vichwa vyote vinageuka mlangoni. Hakuna anayemfanyia kijana ubaya. Ila katika hayo yote hakuna hata moja linalomhusu. Robert Weiss, msomi wa Marekani aliyewasikiliza kwa miaka watu walioachana na wenzi wao, aliandika jambo hilihili mwaka wa 1973: kukosa kundi ni njaa moja, kukosa mtu mmoja wa karibu ni njaa nyingine, na chakula cha hii hakishibishi ile.

Kijana wako kundi analo. Ana kanisa, ana shule, ana wanao watatu. Asichokuwa na hakika nacho ni kama kuna mtu ambaye yeye asipoonekana, usiku wa mtu huyo unaharibika.

Nikupe kisa kimoja. Msichana wa Kisomali, miaka 17, alikuwa akilelewa na mama mmoja pale Eastleigh. Kwa karibu mwaka mzima alikuja kwangu kila wiki akijibu maswali yangu kama mtu anayejaza fomu. Siku moja akaingia amefura. "Yule mama amenigombeza mbele za watu!" Alikuwa ameenda kwa rafiki, simu ikazima, magharibi ikapita, isha ikaadhiniwa, naye ndipo anarudi taratibu. Akamkuta mama wa nyumba chini kwenye geti la ploti, amekwisha kuwauliza wauza miraa wote wa njia ile kama wamemwona. Alivyomwona, akaanza kumfokea palepale. Msichana alinieleza yote kwa hasira, mpaka akafika kwenye miguu ya yule mama: alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Hapo akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Kimoja kilikuwa cha mume wake."

Sikuongeza neno. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimtafutia maneno ya kumtuliza, na kiatu cha mwanamume kikafanya kazi yote kwa usiku mmoja.

Sasa nikuulize, Mama. Wanao watatu unawagombeza, sivyo? Viatu mlangoni, taa inawaka mchana, nani amemaliza sukari. Huyu wa nne umewahi kumgombeza? Barua yako inasema hajawahi kukujibu vibaya. Mimi nikisoma hivyo nasikia kwamba hajawahi kupata nafasi ya kukujibu. Mtoto wa miaka 16 asiyekosea kwa miezi 11 anajichunga kama mpangaji mwenye deni. Bado hajaanza kuishi kwako.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitupa neno hilo kwa mgeni mvivu. Mimi naliona limebeba heshima: jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye mkeka wa wageni. Utaniambia jembe ameshalichukua mwenyewe, si anaosha vyombo? La. Anayeosha sahani kabla wengine hawajamaliza kula analipa kodi. Anapiga hesabu: leo nimekula sahani moja, nimeosha kumi, kwa hiyo kesho hawatanifukuza. Kazi hiyo yeyote angeifanya, na ndiyo maana haimpi kitu. Kazi ya mtoto wa nyumba ni ile ambayo asipoifanya, nyumba inakwama na jina lake linaitwa. Wewe unaishi Kayole, unajua maji yakija usiku watu wanavyokimbilia mitungi. Mpe yeye idara hiyo. Awe ndiye anayejua siku ya maji na ndiye anayeamua mtungi upi ni wa kunywa. Na je, ana ufunguo wa nyumba? Kama binti yako anao na yeye hana, mchongee ufunguo wake wiki hii.

Akisahau maji, mgombeze kama unavyowagombeza wengine. Mipaka ipo, na ni muhimu. Usimpige. Usimtajie alikotoka. Na neno "nitakurudisha" lisipite midomoni mwako hata kwa utani, wala kwa mzee wa nyumba, wala kwa watoto. Kwa mwanao neno kama hilo ni kelele za asubuhi. Kwake yeye ni kitu kilichowahi kutokea.

Sasa twende kwenye ngazi. Sijamwona kijana, kwa hiyo sitasema kwa uhakika anafanya nini na simu saa nne usiku. Ninachokikuta mara nyingi kwa vijana kama yeye ni hiki: anapiga nambari isiyoingia. Nambari ya mama. Sisi tumezoea sauti ya "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa". Wao wana ya kwao, ya Kifaransa, na wengine wameisikia mara nyingi hata wanaweza kukuigia. Kijana mmoja aliniambia hapigi kwa kutarajia kujibiwa. Anapiga kwa sababu siku atakayoacha, yeye ndiye atakuwa amemzika mama yake.

Huzuni hii ina ugumu wake. Aliyefiwa ana kaburi, ana matanga, ana arobaini, ana watu wa kumwambia pole. Aliyepotezana na mama yake hana lolote kati ya hayo. Kulia kama yatima hawezi, maana huenda mama yuko hai na anamtafuta. Kucheka kama mwenye mama pia hawezi. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970 kwa familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, na alilogundua ninaliona Nairobi kila mwezi: watu wa namna hii hukwama, na kinachowakwamisha ni ile hali ya kutojua. Moyo wao hauna ugonjwa. Kosa kubwa ni kuwalazimisha wachague, ama yuko ama hayuko.

Kosa hilo nililifanya mimi. Mwanzoni mwa kazi yangu, kijana mmoja alikuwa hajamsikia mama yake kwa miaka mitatu. Nikamshawishi tufanye ibada ndogo ya kumuaga, mishumaa na zaburi na kila kitu, ili apate kusonga mbele. Miezi saba baadaye mama akapatikana Nakivale, Uganda, akiwa mzima. Kijana alifurahi hadi akakosa sauti. Mimi hakunisamehe. Alisema nilimfanya amuue mama yake kwa mkono wake mwenyewe, na sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo usimwambie "mama yako yuko salama, omba tu", wala usimwambie "kubali yaliyotokea". Mwambie ukweli, kwamba hamjui, na kwamba katika nyumba hii mama yake atatajwa. Mtaje wewe. Mkipika, mkifua, mkipita mahali. Na usiulize aliona nini njiani; hayo atayaleta mwenyewe, au hatayaleta, na hana deni lako la kuyasema. Uliza mambo madogo ya nyumbani kwao. Swali ninalolipenda ni hili: kwenu, nani alikuwa wa kwanza kuamka? Mtoto anayejibu swali hilo anarudi mwenyewe mpaka jikoni kwao, anawasha moto, anamwona mtu. Uliza mikono yenu ikiwa na kazi, mkimenya minji au mkichambua maharagwe, wote mkitazama sinia. Vijana wa kiume hawapendi kuangaliwa usoni wakisema ya moyoni, na sijui kwa nini sisi washauri bado tunapanga viti vikitazamana.

Nyama ya Jumapili huenda ni jambo hilohilo. Atakulaje nyama na hajui kama wadogo zake wamekula ugali? Simsemei, muulize. Ila usimshike mkono akae mezani, na usilifanye kuwa suala la shukrani. Mwekee yake kando, ifunike, umwonyeshe ilipo.

Kuna kazi moja ya kufanya upande huo huo wa mama yake, nayo ni ya vitendo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo makao yake yako South C, lina huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana, na ni bure. Nenda naye, usimtume. Ataulizwa majina kamili ya wazazi, majina ya utani, walikozaliwa, mahali na siku waliyoonana mwisho, jina la mchungaji au mtu aliyejulikana kijijini. Mwambie akumbuke polepole nyumbani, muandike kwenye daftari kabla ya kwenda. Mwaka wa 2025, baada ya Goma na Bukavu kutwaliwa na waasi wa M23, maelfu kwa maelfu walivuka mto Rusizi wakaingia Burundi. Wengi walirundikana kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengine wakahamishiwa Musenyi. Kwa hiyo swali la mama yake lina mahali pa kuanzia, na Msalaba Mwekundu wa huku huwasiliana na wa kule. Inaweza kuchukua muda mrefu sana, na inaweza isizae jibu. Hata hivyo nimeona mabadiliko siku ileile ya kujaza fomu, kwa sababu sasa kazi ya kumtafuta mama hafanyi peke yake kwenye ngazi.

Na tafadhali, picha yake usiitie kwenye makundi ya Facebook au WhatsApp ya "tunatafuta jamaa". Siku mbili tatu tu, mtu atapiga aseme mama amepatikana, atumiwe shilingi 5,000 za nauli. Nimewaona vijana waliouza simu na viatu kwa ajili ya mama ambaye hakuwapo kwenye hilo basi.

La Kakuma nitalijibu kwa ufupi. Hapana. Kambi ile pamoja na Kalobeyei ina watu karibu laki tatu. Kama ukiwa ungekuwa unatibika kwa wingi wa watu, wagonjwa wangekuwa wanapelekwa soko la Gikomba. Najua wanaokushauri wana nia njema, na kuna historia wanayoigusa bila kujua. Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na kati ya waliofika mwanzo ni maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea bila wazazi. Waliishi kwa makundi, wakapika pamoja, wakawa ndugu. Lakini udugu ule waliuunda wenyewe njiani, kwa miaka. Kijana wako akipelekwa leo atafika na mkoba tu, aanze kupotezana upya, na mara hii na wewe.

Hata hapa Nairobi, kuwa mwangalifu na hilo neno "wenzake". Wakongo wa Kayole, Githurai na Kasarani wanatoka katika jamii mbalimbali, na baadhi ya jamii hizo zimepigana kwa miaka mingi: Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliro, na kadhalika. Mtoto aliyekimbia watu wa lugha fulani unaweza kumpeleka kwenye kwaya, kwa wema kabisa, ukamkalisha kando ya lugha hiyohiyo. Ni hivyohivyo kwa Wanuer na Wadinka wa Sudan Kusini, na kwa koo za Wasomali. Usimchagulie. Muulize tu kama kuna kanisa au kiwanja ambako angependa kusikia lugha ya kwao, na akisema hapana, hapana hiyo usiipekue. Akisema ndiyo, msindikize mara ya kwanza mpaka mlangoni, kisha umpe saa ya kurudi. Saa ya kurudi ni muhimu kuliko nauli.

Shuleni, nadhani amewekwa madarasa ya chini kwa sababu ya Kiingereza, kama wengi waliosoma kwa Kifaransa. Kijana wa ndevu zinazoanza anakaa na watoto wa miaka 12 wanaomcheka akisema "batoto" badala ya "watoto". Ongea na mwalimu wa darasa, usisubiri siku ya wazazi. Omba apewe jambo moja analolijua kuliko wao. Hesabu haijali lafudhi.

Karatasi nazo zina sehemu katika upweke huu, na hili watu hulisahau. Barua yako haisemi kama ameandikishwa. Ofisi ya serikali ya huduma za wakimbizi, ile ya Shauri Moyo, ndiyo inayosajili, na chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021 anayesajiliwa ana haki ya kuwa na hati. Vijana wasio na hati hawatoki jioni kwa kuogopa polisi. Wakubwa wao bado wanasimulia Aprili 2014, watu walipokusanywa Eastleigh na kujazwa uwanja wa Kasarani. Kijana asiyetoka atapata wapi rafiki? Kisha nenda ofisi ya watoto ya eneo lenu, ukaeleze kwamba unakaa naye. Wazee wa kanisa walifanya jema, lakini neno la wazee si hati, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka malezi ya mtoto asiye wako yajulikane na afisa wa watoto. Fanya hivyo mapema, kwa sababu akitimiza 18 anatoka kwenye milango ya watoto na kuingia ya watu wazima, na vijana wengi huachwa na kila mtu mwaka huohuo. Kaeni naye, kabla ya siku hiyo, mseme waziwazi kwamba kitanda chake hakitoki akifika 18. Usidhani anajua. Hajui.

Jambo lingine unaloweza kukutana nalo ni ndege. Wasomali wana neno, buufis, la ile shauku ya kuhamishiwa ng'ambo inayomvimba mtu ndani kama puto mpaka hapa alipo hapaoni tena. Vijana wengi hawakufungua moyo Nairobi kwa sababu walijiona wapita njia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wapo waliokuwa na tarehe ya safari na masanduku yamefungwa, na walijikuta katika jiji walilokaa miaka bila kujuana na jirani. Kama kijana wako ana ndoto hiyo, usimvunje. Ila maji ya mitungi bado ni Jumanne, na yeye ndiye mwenye idara.

Umeuliza kama umwambie wewe ndiye mama yake sasa. Usimwambie hivyo. Kiti hicho kina mwenyewe, hata kama hatujui yuko wapi, na ukikikalia atalazimika kukusimamisha au kumtoa yeye. Bahati nzuri lugha yetu haituletei uhaba wa vyeo. Tayari anakuita mama kama kila mtu anavyomwita mama kila mwanamke wa umri wako. Kama mnataka jina lenye uzito zaidi, kuna mama mdogo: ndani ya jina hilo mama yake anabaki mkubwa, nawe unapata nafasi ambayo hakuna aliyeiacha wazi. Mwache achague. Wapo wanaolichukua jina hilo mwaka wa pili, wapo wanaobaki na "mama" tu mpaka siku ya harusi.

Kuna mambo ambayo hayasubiri ushauri wa barua. Akianza kusema ingekuwa heri asingekuwapo, akigawa vitu vyake, akiacha kula siku mbili tatu, akijikata, au akipotea usiku bila kusema, tafuta msaada siku hiyohiyo. Nambari 116 ya simu ya watoto ni bure. Na usiogope kwenda hospitali ukisema ukweli: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Zamani familia zilikuwa zikificha kwa kuogopa kituo cha polisi, na tuliwazika watu kwa sababu ya uoga huo. Kukaa kwenye ngazi na simu, peke yake, hakujafika huko. Lakini kuwa macho.

Basi, simu. Usimpokonye. Ukiichukua saa nne usiku utakuwa umemkatia laini kwa mama yake, na hiyo ni laini hata kama haiingii. Ukitaka kufanya kitu saa ile, toka na vikombe viwili vya chai, ukae ngazi ya chini yake kidogo, umpe kimoja. Usiulize lolote. Chai ikiisha, mwambie unafunga mlango saa tano, kisha uingie ndani. Ikifika saa tano na hajaingia, toka tena umwite kwa jina, kwa sauti ile unayowaitia wale wengine, majirani wasikie.

Na kesho ukipita kwa wauza vitu vya simu pale steji, mnunulie chaja yake mwenyewe. Muonyeshe soketi ya kuichomeka, na isitolewe hapo.